Seli Bebeshwa na Protini ya Ishara: Tahakiki ya Istilahi kutoka Pwani ya Kilwa na Lindi

Miongoni mwa maswali yanayotujia mara kwa mara katika kazi ya istilahi ni yale yahusuyo majina ya bidhaa za maabara. Bidhaa hizo huingia nchini katika vichupa vidogo, kila kichupa na kibandiko chake, na kibandiko huwa na maneno machache tu ambayo mfasiri, mwalimu au mtumishi wa forodha hana budi kuyaelewa kabla ya kuyapitisha. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki jina la bidhaa moja ya namna hiyo, nayo ni protini ya kupasha ishara katika mwili, iliyotengenezwa kwa ufundi wa kuunganisha vinasaba, na inayouzwa kwa ajili ya utafiti wa maabara.

Jina hilo lina sehemu tatu. Ya kwanza hueleza jinsi protini ilivyopatikana, ya pili hueleza kazi yake, na ya tatu hueleza ruhusa ya kuitumia. Tafsiri nyingi tulizozisoma zimekosea katika mojawapo ya sehemu hizo, na baadhi zimekosea katika zote tatu. Hoja yetu ni kwamba chanzo cha makosa haya ni kimoja: mfasiri amelitafsiri neno la kigeni, hakulitafsiri jambo. Tena tunashikilia kwamba maneno yanayohitajika yapo, na kwamba baadhi yake yanatumika kila siku katika mashamba ya mikorosho ya Lindi na katika miji ya kale ya pwani ya Kilwa.

Jambo lenyewe

Kabla ya kulihukumu jina yafaa tulijue jambo. Mfano tutakaoutumia una uhusiano na maji yetu wenyewe. Mwaka 2003 silikanti alivuliwa karibu na Songo Mnara, kisiwa kilicho jirani na Kilwa Kisiwani, naye akawa wa kwanza kujulikana kuwa amevuliwa katika maji ya Tanzania. Silikanti ni samaki ambaye wataalamu walikuwa wakimjua kwa visukuku tu, wakidhani kwamba jamii yake ilitoweka pamoja na dinosaria, hata alipopatikana mmoja huko Afrika Kusini mwaka 1938. Baada ya yule wa Songo Mnara walivuliwa wengine wengi upande wa Tanga, na mwaka 2009 ikatangazwa huko hifadhi ya bahari yenye jina la samaki huyo.

Mwaka 2011 ulichapishwa uchunguzi uliolinganisha vinasaba vya mitokondria vya silikanti 21 wa Tanzania na vya wenzao wa Komoro. Uchunguzi huo ulionyesha kwamba silikanti wa kaskazini ya pwani yetu ni kundi la peke yake, lakini wale wa kusini hawatofautiki na wa Komoro. Kwa hiyo lolote litakalogunduliwa katika jeni za samaki wa Komoro lina habari pia juu ya samaki wa pwani ya kusini ya Tanzania.

Sasa tuje kwenye maabara. Mwaka 1999 Shozo Yokoyama na wenzake, nchini Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya macho ya silikanti wa Komoro. Samaki huyu hukaa kwenye kina cha mita 200 hivi, mahali ambapo nuru ya jua imekwisha kuchujwa na maji hata imebaki ile ya buluu tu, yenye wimbi la nanomita 480 hivi. Wataalamu walitaka kujua protini za macho yake hupokea nuru ya namna gani. Lakini silikanti akitolewa kilindini hakai muda mrefu akafa, wala hapatikani kwa wingi wa kutosha watu kuchuna macho yake kila wanapotaka kupima.

Njia waliyoifuata ndiyo inayotuhusu. Walichukua jeni mbili za samaki zenye maelekezo ya kutengeneza protini hizo, wakaziunganisha na vinasaba vingine viwezavyo kuingia katika seli, kisha wakazitia katika seli za ukoo uliotokana na figo la tumbili wa Afrika, ambazo hukuzwa katika vyombo vya maabara. Seli za tumbili zilifuata maelekezo ya jeni za samaki, zikatengeneza protini za samaki. Protini hizo zilipotiwa retinali, kemikali ya jamii ya vitamini A, zikawa tayari kupokea nuru kama zipokeavyo katika jicho. Zilipopimwa zilionekana kupokea zaidi nuru ya nanomita 478 na 485, yaani zimesogea kiasi cha nanomita 20 kuelekea buluu zikilinganishwa na protini za namna hiyo hiyo katika wanyama wengine. Jicho la silikanti limelingana na giza analoishi.

Protini hizo ni za jamii ya rodopsini, na rodopsini ni protini ya kupasha ishara. Nuru inapoifikia, umbo lake hubadilika. Badiliko hilo huiamsha protini nyingine iliyo ndani ya seli, nayo huamsha kimeng'enya, na kimeng'enya hupunguza kemikali iliyokuwa ikishikilia wazi milango ya seli. Milango inapofunga, hali ya umeme ya seli hubadilika, na habari hupelekwa kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Hapo ndipo samaki anapoona.

Kuchanganya na kupandikiza

Sehemu ya kwanza ya jina ndiyo iliyowatatiza watu kupita zote. Wako waliotohoa neno la kigeni wakaandika protini rikombinanti. Hatuna ugomvi na utohozi. Maneno protini, jeni, seli na insulini yenyewe yametoholewa, nayo yamekaa vizuri katika lugha. Lakini yale ni majina ya vitu. Hili ni neno la sifa, na kazi ya sifa ni kueleza. Neno rikombinanti halimwelezi kitu asiyelijua tangu awali, na anayelijua hakuhitaji tafsiri.

Wengine wameandika protini iliyochanganywa. Hapa kosa ni kubwa zaidi, maana maneno haya yanaeleza, ila yanaeleza uongo. Katika Kiswahili kitu kilichochanganywa ni kitu ambacho ndani yake mna kitu kingine: maziwa yamechanganywa na maji, mchele umechanganywa na choroko. Msomaji atafahamu kwamba protini hiyo si safi. Ukweli ni kinyume chake, maana watengenezaji hufanya juhudi kubwa kuisafisha protini hiyo ibaki peke yake. Kilichounganishwa si protini, ni vinasaba vilivyotumika kuitengeneza. Lugha za kigeni zimefupisha maneno zikaihamisha sifa ya vinasaba na kuivika protini, na wataalamu wao wamekwisha kuzoea. Sisi hatulazimiki kuurithi ufupisho huo pamoja na utata wake.

Wengine tena wamependekeza protini pandikizi. Pendekezo hili lina hoja zaidi, kwa kuwa kupandikiza ni neno la kilimo linaloeleza kuhamisha mche kutoka kitaluni kwenda shambani, na katika tiba limekwisha kuenea kwa maana ya kumtia mgonjwa figo au kiungo kingine cha mtu mwingine. Hata hivyo lina kasoro tatu. Kwanza, mpunga uliopandikizwa umehama tu. Haukuunganishwa na mmea mwingine wala haukutumia nguvu za mmea mwingine kuzaa. Pili, neno pandikizi katika siasa za siku hizi lina maana ya mtu aliyetiwa katika kundi kwa hila. Tatu, lipo pandikizi la mtu, yaani mtu mkubwa mno wa mwili. Mwanafunzi anaposoma protini pandikizi ana haki ya kuuliza kama ni protini ya hila au ni protini kubwa.

Kubebesha

Mkulima wa korosho wa Ruangwa, Nachingwea au Kilwa analo neno jingine. Anapotaka mkorosho ulio bora huchukua kikonyo kutoka katika mti wenye sifa anazozitaka, akakiunga katika shina la mche mwingine uliokwisha kushika mizizi. Kazi hii huitwa kubebesha, na miche inayopatikana huitwa miche iliyobebeshwa. Neno hili hutumiwa na maafisa ugani na wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, na wakulima wanalijua bila kufafanuliwa.

Tulinganishe sasa kazi ya mkulima na kazi ya Yokoyama. Kikonyo ni jeni ya silikanti, na shina ni seli ya tumbili. Shina hutoa maji na chakula, lakini korosho itakayozaliwa juu ya kikonyo ni ya aina ya kikonyo, si ya aina ya shina. Vivyo hivyo seli ya tumbili ilitoa malighafi na nguvu, lakini protini iliyotoka ni ya silikanti. Mwalimu akimwuliza mwanafunzi wa Lindi, "Protini hii ni ya nani?" mwanafunzi aliyepata kuona mkorosho uliobebeshwa atajibu sawasawa, hata kama hajapata kuingia katika maabara.

Ulinganisho huu una mpaka wake, na mwalimu hana budi kuutaja. Katika mkorosho seli za kikonyo na seli za shina hubaki mbali mbali. Zimegusana na kushirikiana tu. Katika maabara jeni huingia ndani ya seli yenyewe, na mara nyingi hunakiliwa seli inapogawanyika. Lakini mpaka huu hauharibu jambo kuu, ambalo ni kwamba kiumbe mmoja anazaa tunda la mwingine.

Yafaa pia tuzingatie sarufi. Mkulima hasemi kwamba kikonyo ndicho kilichobebeshwa. Husema mche umebebeshwa, kama tusemavyo kwamba mtu amebebeshwa mzigo. Anayebebeshwa ni mbebaji. Kwa kufuata kanuni hiyo, katika maabara inayobebeshwa ni seli, nayo hubebeshwa jeni. Kwa hiyo tunapendekeza seli bebeshwa, na bidhaa yake iitwe protini ya seli bebeshwa. Chombo kinachoipeleka jeni ndani ya seli, kama vile plasmidi, kiitwe kibeba-jeni. Neno kuunganisha lirudi mahali pake pa haki, yaani kwenye vinasaba: tuseme vinasaba vilivyounganishwa, tusiseme protini iliyounganishwa.

Hapo tumetumia vinasaba na jeni kwa maana mbili, nasi tungependa matumizi hayo yashikwe. Kuna waandishi wanaoita jeni kinasaba katika ukurasa mmoja, na katika ukurasa unaofuata wanatumia vinasaba kwa kemikali nzima inayobeba urithi. Kwa kuwa sheria ya mwaka 2009 juu ya vinasaba vya binadamu imekwisha kulizoesha taifa neno vinasaba kwa maana ya kemikali hiyo, na jeni imekwisha kuzoeleka shuleni kwa maana ya sehemu yake yenye maelekezo, hapana sababu ya kuyabadilisha tena.

Insulini ya nani?

Huenda msomaji akasema kwamba mambo haya ni ya wataalamu wachache. Sivyo. Protini ya ishara inayojulikana kuliko zote ni insulini, ambayo huziambia seli zichukue sukari kutoka katika damu. Kwa miaka mingi insulini ya kutibu kisukari ilipatikana kutoka katika kongosho la nguruwe na la ng'ombe. Mwaka 1978 wataalamu wa Marekani walifaulu kuzifanya bakteria zitengeneze insulini ya muundo ule ule wa binadamu, na mwaka 1982 dawa hiyo iliruhusiwa kutumika. Siku hizi hutengenezwa katika bakteria au katika hamira.

Katika lugha za kigeni dawa hii huitwa kwa jina ambalo, likitafsiriwa neno kwa neno, huwa insulini ya binadamu. Tuwaze jina hilo linavyosikika kwa mgonjwa wa Kilwa Kivinje au Lindi mjini. Maziwa ya ng'ombe yametoka kwa ng'ombe, na mafuta ya nazi yametoka katika nazi. Insulini ya binadamu, basi, imetoka kwa binadamu. Binadamu yupi? Hai au maiti? Na mgonjwa Mwislamu aliyepata kusikia kwamba insulini ilikuwa ikitolewa katika nguruwe ana swali la pili lililo zito kama la kwanza, na jina hilo halimjibu lolote. Mtu wa namna hiyo akisita kujidunga sindano, lawama isiwe juu yake, kwani ameyafahamu maneno kama yalivyoandikwa.

Kihusishi cha -a unganifu kina maana nyingi, na asili ya kitu ni mojawapo ya zile zenye nguvu. Mfasiri asiliachie neno dogo hilo kazi kubwa hii. Tunapendekeza iandikwe: insulini sawa na ya binadamu, iliyotengenezwa na seli bebeshwa za hamira, au za bakteria, kama itakavyokuwa. Jina ni refu, lakini linajibu maswali yote mawili: tunda ni la aina gani, na shina ni lipi. Mpangilio huo, wa kutaja tunda kwanza na shina baadaye, ufuatwe katika bidhaa zote za jamii hii.

Haja hii haiishii kwenye insulini. Chanjo ya homa ya ini aina ya B hutengenezwa katika seli za hamira. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, ambayo ilijaribiwa Bagamoyo na Korogwe pamoja na vituo vya nchi nyingine za Afrika, ni ya njia hiyo hiyo. Mzazi anayeombwa kutia sahihi ili mtoto wake aingizwe katika jaribio anasomewa karatasi. Karatasi hiyo ikisema protini iliyochanganywa, hakuelezwa. Ikisema rikombinanti, hakuambiwa kitu. Ridhaa yake katika hali zote mbili ni sahihi tu, si ridhaa.

Ishara na mbiu

Sehemu ya pili ya jina ni ile ya kazi. Hapa neno ishara limekubalika, na tunaliunga mkono dhidi ya dalili, ambayo tayari ni mali ya tiba kwa maana ya alama za ugonjwa. Tatizo ni kwamba protini ya ishara, kama inavyoandikwa mara nyingi, haisemi protini hiyo inafanya nini na ishara. Je, yenyewe ndiyo ishara? Au huipokea? Au huipitisha?

Miji ya pwani iliyajua mambo haya matatu kabla ya maabara. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Lakini mbiu peke yake haitoshi kuukusanya mji. Lazima liwepo sikio la kuisikia, na lazima awepo mtu wa kuipeleka habari uani na shambani ambako mlio haufiki. Mbiu, sikio na mpelekaji ni vitu vitatu, wala hakuna mtu wa Kilwa aliyepata kuviita kwa jina moja.

Katika mwili, insulini ni mbiu, kwani hutolewa na kongosho na kusafiri katika damu. Protini iliyo juu ya seli na inayoipokea ni sikio, na neno kipokezi linaifaa. Protini za ndani zinazoamshana moja baada ya nyingine ni wapelekaji. Rodopsini ya silikanti ni kipokezi, ila mbiu yake ni nuru. Lugha za kigeni huzikusanya zote chini ya jina moja la jumla, na mtengenezaji huandika jina hilo la jumla kwenye orodha ya bidhaa zake. Mfasiri akiwa na jina la jumla tu, atumie protini ya kupashana ishara. Akijua kazi ya protini hiyo hasa, na aghalabu hupata kuijua akisoma mistari miwili zaidi, atumie moja ya haya: protini-ishara kwa ile inayotumwa, kipokezi cha ishara kwa ile inayopokea, na kipitisha-ishara kwa ile inayopeleka mbele.

Tumelikataa neno mjumbe, ingawa ni zuri na lina asili ya kienyeji. Sababu ni kwamba katika elimu ya jeni neno hilo linahitajika kwa kitu kingine, yaani ile nakala ya maelekezo inayotoka katika vinasaba na kupelekwa mahali pa kutengenezea protini. Tukiwa na wajumbe wawili katika seli moja, kila mmoja na kazi yake, tutakuwa tumezua mchafuko badala ya istilahi.

Maabara mbili

Sehemu ya tatu ndiyo fupi, nayo ndiyo yenye hatari ya haraka. Kibandiko husema kwamba bidhaa ni ya utafiti wa maabara pekee. Tafsiri iliyozoeleka ni: kwa matumizi ya maabara tu. Maneno haya ni sahihi kwa mtu wa chuo kikuu. Lakini katika zahanati na hospitali za wilaya neno maabara humaanisha chumba kinachopimwa damu, mkojo na makohozi ya wagonjwa. Mtaalamu wa chumba hicho akisoma kwamba kichupa ni cha maabara, atakuwa na haki ya kudhani kwamba ni chake, ilhali kusudi la onyo ni kumkataza yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Bidhaa ya utafiti haikupitishwa katika masharti ya vifaa vya kupimia wagonjwa, seuze ya dawa.

Onyo jema hutaja kinachokatazwa. Tunapendekeza: kwa utafiti tu, si kwa kupima wala kutibu binadamu au mnyama. Katika onyo hilo neno maabara halimo kabisa, na halina hasara kwa kutokuwamo.

Mapingamizi

Tunatazamia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba kubebesha ni neno la shambani, halina heshima ya sayansi. Kwa kujibu tutaje neno jingine lililotoka kusini. Mwaka 1952 na 1953 ulienea katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, ambamo Kilwa na Lindi zilikuwamo, ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo. Uliwapata hasa watu wa uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Wamakonde waliuita kwa kile walichokiona: mgonjwa alijikunja kwa maumivu. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walipoandika taarifa zao mwaka 1955 hawakutafuta neno la Kilatini, walilichukua neno la Kimakonde lililokuwa likitumika. Leo chikungunya ni jina la ugonjwa na la virusi vyake duniani kote. Hata protini za virusi hivyo hutengenezwa katika seli bebeshwa na kuuzwa kwa watafiti, na katika kibandiko cha kichupa chake neno moja tu ndilo ambalo mzee wa Newala angelitambua. Neno hilo halikupoteza heshima kwa kuwa lilitoka kijijini. Lilidumu kwa sababu lilikuwa linaeleza kazi ya ugonjwa.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Kubebesha, watasema, kuna harufu ya kulazimisha: mtu hubebeshwa lawama, hubebeshwa deni. Ni kweli, na katika maandishi ya siasa maana hiyo ndiyo itakayotangulia. Lakini istilahi huishi katika uwanja wake. Hakuna anayesoma kwamba mche umebebeshwa akauonea mche huruma. Na hata maana ya kulazimishwa haiko mbali na ukweli, kwa kuwa seli ya tumbili haikuwa na haja yoyote ya protini ya jicho la samaki; ilibebeshwa kazi isiyo yake. Tunakiri hata hivyo kwamba mahali ambapo mkorosho haulimwi, mwalimu atahitaji kulieleza neno hili mara ya kwanza. Hiyo ni gharama, lakini ni ndogo kuliko gharama ya neno linalopotosha kila mara lisomwapo.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayajaribu maneno yafuatayo katika kazi zao:

1. Vinasaba vilivyounganishwa, kwa vinasaba vya asili mbili au zaidi vilivyoungwa pamoja kwa ufundi wa maabara.
2. Kibeba-jeni, kwa chombo kinachoingiza jeni katika seli.
3. Seli bebeshwa, kwa seli iliyotiwa jeni ya kiumbe kingine ili iifanyie kazi.
4. Protini ya seli bebeshwa, kwa bidhaa inayotokana na seli hiyo. Kitajwe kwanza kiumbe ambacho protini ni yake, kisha seli iliyoitengeneza.
5. Protini ya kupashana ishara, kwa jina la jumla. Na chini yake protini-ishara, kipokezi cha ishara na kipitisha-ishara.
6. Kwa utafiti tu. Si kwa kupima wala kutibu binadamu au mnyama.

Kwa kufuata orodha hiyo, bidhaa iliyotokana na kazi ya mwaka 1999 ingeandikwa hivi: Rodopsini ya silikanti, kipokezi cha ishara ya nuru, protini ya seli bebeshwa za tumbili, kwa utafiti tu, si kwa kupima wala kutibu binadamu au mnyama. Mtumishi wa forodha atajua ni kitu gani. Mwalimu atapata somo zima ndani yake. Mtaalamu wa hospitali atajua kwamba si chake.

Maneno haya ni mapendekezo, si amri. Istilahi husanifishwa mezani, lakini hukubaliwa au hukataliwa na watumiaji. Tungependa hasa kupata maoni ya walimu wa biolojia wa mikoa ya Lindi na Mtwara, na ya wauguzi wanaowaeleza wagonjwa habari za insulini: je, neno kubebesha linaeleweka likitoka shambani kuingia darasani na wodini? Kama kuna mahali ambapo wakulima hutumia neno jingine kwa kazi ile ile, tuletewe neno hilo pamoja na jina la mahali, ili lipimwe pamoja na haya kabla orodha haijapelekwa kusanifishwa.